Kabla ya Kuvuka Rusumo, Uliza Sababu

Anayejiandaa kwenda Kigali kutoka Igoma, hapa Mwanza, hakosi mtu wa kumsimulia maajabu ya huko. Ataambiwa kwamba ukishavuka Mto Kagera magari yanapita kulia, kwamba mfuko wa rambo unanyang'anywa mpakani, kwamba abiria wa pikipiki havushwi hata mtaa mmoja bila helmeti, kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mji mzima unashika mafagio na majembe, kwamba bungeni wanawake ni wengi kuliko wanaume. Yote hayo ni kweli. Yanasimuliwa vijiweni na kwenye foleni za tiketi, msikilizaji anashangaa na kucheka, kisha anapanda basi akiamini kwamba nchi ya watu ameshaijua. Mimi nasema bado hajaijua. Jambo la kushangaza kuhusu nchi ya wengine linamfaa msafiri pale tu analipojua pamoja na sababu yake. Likikosa sababu linabaki kichekesho, na kichekesho hakimwongozi mtu ugenini. Katika majirani wote tunaopakana nao, sioni nchi inayolithibitisha hilo kama Rwanda.

Suala hili linatugusa sisi wa huku kuliko wengi. Igoma imekaa kwenye barabara ya Musoma, karibu na stendi ya Nyamhongolo. Ukielekea mashariki unatokea Sirari na kuingia Kenya. Ukielekea upande wa pili unapita Usagara, unavuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, ambalo tangu Juni 2025 limewaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko, unaziacha Sengerema na Geita nyuma, na mwisho wa safari ya upande wetu ni Rusumo, mpakani na Rwanda. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na mchele wa Kanda ya Ziwa unawafuata. Kwa maana hiyo, kwa watu wengi wa hapa kwenda nje ya nchi maana yake ni kupanda basi au lori na mzigo wako hadi kwa jirani. Na hapo ndipo penye tatizo. Anayekwenda Dubai huuliza kila kitu: viza, hali ya hewa, mavazi, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Anayekwenda Kigali huuliza nauli tu, kwa kuwa anaona ni hapo jirani. Ujirani unatufanya tuamini kwamba tunafahamiana, kisha tunajaza pengo kwa maajabu mawili matatu tuliyoyasikia.

Tuanze na upande wa barabara, kwa kuwa ndilo ajabu la kwanza kuonekana kwa macho. Hadi mwaka 1916 Mwanza na Kigali zilikuwa chini ya serikali moja ya kikoloni, ile ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ikalikata koloni hilo vipande. Majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yakaitwaa Rwanda, Waingereza wakaingia Mwanza Julai mwaka huohuo, na kila mtawala akaleta lugha yake, shule zake, sheria zake na upande wake wa barabara. Dereva wa lori anayehama upande pale Rusumo anapita juu ya mstari uliochorwa na vita hiyo. Msafiri akilielewa hilo, anaelewa mengi kwa mpigo mmoja: kwa nini fedha ya kule ni faranga, kwa nini mzee wa Kigali aliyesoma zamani atakujibu kwa Kifaransa wakati mjukuu wake anakujibu kwa Kiingereza, kwa kuwa serikali iliamua mwaka 2008 kuzihamisha shule kwenda Kiingereza. Ataelewa pia kwa nini Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinamfikisha mbali sokoni na kwenye maegesho ya malori, lakini kinaweza kumkwamisha mbele ya karani wa ofisini au mama wa kijijini. Na asisahau kurudisha saa yake nyuma: Rwanda inafuata saa za Afrika ya Kati, hivyo ikiwa saa nne asubuhi Mwanza, Kigali ni saa tatu. Hilo nalo watu hulicheka, hadi siku linapomchanganya mtu ratiba ya basi la kurudi.

Mfuko wa plastiki unasimuliwa kana kwamba ni kituko cha Wanyarwanda peke yao. Zanzibar iliupiga marufuku mwaka 2006. Rwanda ikatunga sheria yake mwaka 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017 kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha hadi miaka minne, na Tanzania Bara ikaingia Juni 1, 2019. Kilichoitofautisha Rwanda ni ukali wa utekelezaji, na ukali huo una sababu. Nchi ile ina kilomita za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 juu yake, wengi wao wakilima kwenye miteremko. Plastiki inayotupwa kilimani inashuka na mvua, inaziba mifereji, inaharibu udongo wa shamba la aliye chini, na hakuna ardhi ya akiba ya kuhamia. Mwenye kuutazama Mto Mirongo wakati wa mvua, unavyobeba taka za Jiji la Mwanza kuzipeleka ziwani, hahitaji kuelezwa zaidi. Anayejua sababu hiyo hawezi kuthubutu kuficha rambo chini ya begi akidhani anamzidi akili afisa wa forodha. Asiyeijua ataiona sheria kama usumbufu wa wageni, na atajaribu.

Helmeti ya abiria na idadi ya wanawake bungeni nitayapitia haraka, maana hayana utata mwingi. Dereva wa pikipiki Kigali anabeba abiria mmoja, wote wawili wakiwa na helmeti. Mishikaki tuliyoizoea huku haipo, na abiria anayekataa kuvaa atashushwa. Kuhusu bunge, mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani ambayo wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya wabunge, na katika uchaguzi wa 2024 walipata viti 51 kati ya 80. Chanzo chake ni Katiba ya mwaka 2003, iliyotaka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi na kuwatengea viti 24, nayo iliandikwa na taifa ambalo, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanaume wake wengi walikuwa wameuawa, wamefungwa au wamekimbia, na wanawake ndio walioshika familia na vijiji.

Umuganda unahitaji muda zaidi. Msafiri wa Igoma akisikia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka ya Kigali yanafungwa na barabara zinakuwa tupu kwa sababu watu wako kwenye kazi za pamoja, hushangaa kana kwamba jambo lenyewe ni geni kwake. Jumamosi hiyohiyo ya mwisho wa mwezi ndiyo iliyotengwa kwa usafi Tanzania. Tofauti ni kwamba Rwanda ina sheria maalumu ya umuganda tangu mwaka 2007, na baada ya kazi wakazi hukaa pamoja kuzungumza mambo ya mtaa wao. Lakini historia ya umuganda ni ndefu kuliko fagio. Desturi ya kusaidiana kujenga na kulima ni ya zamani. Miaka ya 1970 serikali ya Juvénal Habyarimana iliigeuza kuwa kazi ya lazima ya kila wiki. Na mwaka 1994 waandaaji wa mauaji ya kimbari walitumia mazoea hayohayo ya kuwaita wanakijiji kazini ili kuwapeleka kuua majirani zao. Mwaka 1998 serikali mpya iliurudisha umuganda kuwa kazi ya kuijenga upya nchi. Kwa hiyo kwa mtu mzima wa Rwanda aliyeyaona yote hayo, asubuhi ile ya Jumamosi ina uzito ambao mgeni anayepiga picha ya watu wakifyeka nyasi hauoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo orodha za maajabu huliruka, nalo ndilo lililonifanya niandike. Hapa Igoma swali la kabila ni mlango wa urafiki. Mtu akikaa kwenye benchi la mama ntilie pamoja na Msukuma, Mkurya, Mjita, Mkerewe na Mhaya, swali la kwanza baada ya salamu linaweza kuwa "Wewe kabila gani, ndugu yangu?", na jibu lake hufungua utani unaomaliza chai yote. Tumelelewa hivyo, na ni moja ya mambo mazuri tuliyonayo. Msafiri huyohuyo akiuliza swali hilo Kigali, hata kwa moyo mweupe kabisa, meza nzima itanyamaza. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vinavyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Vitambulisho hivyo viliendelea kutumika baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja kwenye kitambulisho ndilo lililoamua nani apite na nani afe. Ndani ya siku mia moja, kuanzia Aprili 7, waliuawa watu wanaokadiriwa na Umoja wa Mataifa kufika 800,000, na ambao serikali ya Rwanda inawahesabu kuwa zaidi ya milioni moja. Wengi mno wao walikuwa Watutsi, na wapo Wahutu waliouawa kwa kukataa kushiriki au kwa kupinga.

Leo kitambulisho cha Rwanda hakitaji kabila. Ipo sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyoandikwa upya mwaka 2018, na ipo miiko ambayo haijaandikwa popote. Sisemi kwamba kila atakayeuliza swali lile ataitwa polisi. Nasema kwamba anamwuliza mtu swali ambalo mzazi wake pengine aliulizwa mara ya mwisho akiwa ameshikiwa panga. Msafiri akiambiwa tu kwamba "Rwanda hawaulizani kabila", ataichukua kama tabia ya ajabu ya watu wasiojua utani, na atajaribu kuwafundisha. Akiambiwa sababu, mdomo wake utajizuia wenyewe bila kutishwa na sheria. Vivyo hivyo kwa Aprili. Anayepanga kupeleka mzigo wiki ya Aprili 7 hadi 13 ajue kwamba ni wiki ya maombolezo ya taifa: muziki wa starehe unazimwa, harusi haziandaliwi, na watu wengi wako kwenye makaburi na mikutano ya kumbukumbu. Biashara inafanyika, lakini si wakati wa kuchekacheka na kubishania bei kwa sauti.

Wengine watasema haya ni ya Wanyarwanda, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu moja kwa moja. Makubaliano ya amani ambayo yangeweza kuzuia maafa yale yalitiwa saini Arusha Agosti 4, 1993. Ndege iliyotunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, ikiwa na Rais Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Mwishoni mwa Aprili hiyo, ndani ya takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na Benako ikawa kambi yenye watu wengi kuliko miji yetu mingi ya wakati ule. Mto Kagera, ambao chemchemi zake za mbali zinaanzia milima ya Rwanda na ambao unaliletea ziwa letu maji mengi kuliko mto mwingine wowote, ulibeba miili hadi Ziwa Victoria. Maelfu waliopolewa na kuzikwa kwenye mwambao, hasa upande wa Uganda, kama pale Kasensero, na wavuvi wakakosa wa kumuuzia samaki kwa sababu watu waliogopa kumla. Kisha mahakama ya kimataifa iliyowahukumu wapangaji wa mauaji ikaketi Arusha hadi mwaka 2015. Kijana wa Mwanza anayejua kwamba Rwanda ni nchi ya vilima elfu na sokwe wa milimani, na hajui lolote kati ya haya, amejifunza nchi ya jirani kwa orodha iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hilo la orodha ya mtu mwingine linajibu pingamizi ninalolisikia sana, kwamba simu inatosha: mtu ataandika jina la nchi na kupata mambo kumi ya kuvutia kwa dakika moja. Atayapata, ndiyo. Lakini mengi ya hayo yameandikwa kwa mtalii anayeshuka na ndege uwanjani Kanombe, anayelipa dola 1,500 kwa kibali cha kuwaona sokwe na kulala hotelini. Hayamwambii mwenye magunia ya dagaa asubuhi gani barabara zitafungwa kwa ajili ya umuganda. Hayamwambii kwamba jijini Kigali uchuuzi wa barabarani umekatazwa, na kwamba kanuni za jiji zimewahi kumtoza faini hata mnunuzi. Mtu aliyekulia Igoma, ambako nusu ya mahitaji ya nyumbani hununuliwa kwa machinga njiani ukitoka kazini, anaweza kuvunja kanuni hiyo ndani ya saa yake ya kwanza mjini bila kujua amefanya kosa. Tena orodha za simuni hazina tarehe. Jambo la miaka kumi na mitano iliyopita linakaa bega kwa bega na la juzi, na msomaji hana njia ya kuyatenganisha.

Pingamizi la pili ni la mfanyabiashara, na lina uzito. Atasema: mimi nakwenda kuuza mchele, siendi kusoma historia, nipe sheria niifuate, sababu zake wajue wenyewe. Namwelewa, maana safari yake ina mkopo nyuma yake na mzigo unaoharibika. Ila kufuata sheria bila kujua sababu yake kunamfaa mtu pale tu ambapo kila kitu kimeandikwa. Mambo yanayovunja biashara ugenini mara nyingi hayajaandikwa: utani uliokwenda kombo, picha iliyopigwa mahali pa maombolezo, sauti iliyopandishwa mbele ya watu. Hakuna afisa atakayemwonya, na mteja hatamlalamikia. Atanunua kwa mwingine tu. Mwenye kujua sababu anaweza kukisia hata lile asiloambiwa. Akijua kitambulisho kilifanya nini mwaka 1994, atakisia mwenyewe kwamba asimuulize mtu wa makamo alikuwa wapi mwaka ule, wala asitoe maoni yake juu ya pua na urefu wa watu, mazungumzo ambayo huku kwetu hupita kama upepo. Hakuna karatasi ya sheria yenye nafasi ya kuandika yote hayo.

Lipo pia pingamizi la wale wanaopenda safari kwa ajili ya safari, kwamba ukijua kila kitu mapema unaua ladha ya kugundua. Sijawahi kuona hoja hii ikitetewa na mtu aliyekwama mpakani. Lakini hata tukiichukua kwa uzito wake, sababu haiui mshangao. Maporomoko ya Rusumo ni mazuri kwa yeyote anayeyatazama. Kwa anayejua kwamba Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni letu, aliingilia Rwanda hapo mwaka 1894, kwamba miaka mia moja kamili baadaye robo milioni ya watu walipita hapohapo wakikimbia upande wa pili, na kwamba leo maji hayo yanazalisha megawati 80 za umeme unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, dakika tano za kusimama pale zina mengi zaidi ya kutazama.

Sisi wa Mwanza tunapaswa kuwa wa kwanza kuielewa hoja hii, kwa kuwa tumeshawahi kufanywa ajabu la wengine. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa, juu ya sangara, ndege za mizigo na umaskini. Ilizunguka Ulaya, ikashinda tuzo, ikafika hadi kuteuliwa kuwania Oscar, na kwa Wazungu wengi likawa ndilo jambo pekee wanalolijua kuhusu mji huu: kwamba minofu inapanda ndege na wenyeji wanabaki kula mapanki, yaani mifupa ya samaki iliyobaki. Mapanki yalikuwepo na umaskini ulikuwepo. Hakuna mkazi mkweli atakayekana. Lakini Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani mwaka 2006, na watu wa hapa walikasirika, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umefupishwa kuwa picha moja isiyoeleza viwanda vya minofu vilivyoajiri nani, wavuvi wanaishije, nani ananunua mapanki na kwa nini, na mambo mengine yote ambayo Mwanza inayafanya kutwa kucha. Miaka hiyohiyo na iliyofuata, mauaji ya watu wenye ualbino yaliifanya Kanda ya Ziwa ijulikane kwa jambo moja tu tena, jambo la kweli na la aibu, ambalo mgeni alilibeba hadi hapa akimtazama kila mwenyeji kwa mashaka. Tulitaka wageni waulize zaidi kabla ya kutuhukumu. Tunachowadai wao ndicho tunachodaiwa na Wanyarwanda.

Na kuuliza zaidi hakuna maana ya kusifu. Hapa nataka kujibu pingamizi linalotoka upande wa pili kabisa, la wanaoogopa kwamba ukieleza sababu za kila jambo la Rwanda unageuka mpiga debe wa serikali yake. Siku hizi mitaani kwetu kuna mazoea ya kusema "tungekuwa kama Rwanda" kila tunapokutana na takataka au dereva mlevi. Sifa hiyo nayo ni ajabu lisilo na sababu, kama yale mengine. Usafi wa Kigali una gharama, na sehemu ya gharama imelipwa na watu maskini: shirika la Human Rights Watch limechapisha ripoti zaidi ya moja kuhusu kituo cha Gikondo, ambako wachuuzi wa barabarani, watoto wa mitaani na wengine wanaoonekana kuharibu sura ya jiji wameshikiliwa bila kufikishwa mahakamani. Watetezi wa haki wamelalamika pia kwamba maneno mapana ya sheria ya itikadi ya kimbari yametumika kuwanyamazisha wakosoaji. Serikali ya Rwanda imekataa tuhuma hizo, na inaeleza kwamba nchi iliyopitia yale iliyoyapitia haiwezi kuacha maneno ya chuki yazagae. Msafiri hahitaji kuamua kesi hiyo akiwa kwenye kiti cha basi. Anahitaji kujua kwamba kesi ipo, ili asirudi Igoma akitaka machinga wafagiliwe kesho asubuhi kwa sababu ameona mji msafi, na ili akiwa kule asianze kuijadili siasa ya nchi kwa sauti ndani ya daladala akidhani yuko kijiweni kwake.

Kinachotakiwa kifanyike si kikubwa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019, serikali yetu iliwatangazia wageni mapema, kabla hawajafunga mabegi yao, na ikapanga madawati kwenye viwanja vya ndege na mipakani ya kuiacha mifuko. Mtalii wa London alijua kabla hajapanda ndege. Mkazi wa Igoma anayekwenda Kigali, Kisumu au Kampala hapewi hata karatasi. Uhamiaji wanapomkabidhi mtu pasipoti yake wangeweza kumpa na kurasa mbili kuhusu nchi jirani, kila jambo likiwa na sababu yake kwa sentensi moja au mbili. Makampuni ya mabasi yanayokwenda Rusumo na Sirari yangeweza kufanya hivyohivyo pamoja na tiketi. Redio za hapa Mwanza, ambazo zina vipindi vya asubuhi vya saa nzima juu ya mpira wa Uingereza, zingeweza kutenga dakika kumi kwa wiki. Wa kuandika kurasa hizo wapo: madereva wa malori waliopita Rusumo kwa miaka, akina mama wa Mwaloni wanaouza dagaa kule, walimu wa historia ambao wanafunzi wao wanaijua Vita Kuu ya Kwanza kama tarehe za mtihani na hawajui kwamba ndiyo iliyoamua gari lipite upande gani.

Shule ndizo zingenifurahisha zaidi. Mwanafunzi wa sekondari ya kata hapa Igoma anakariri majina ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, miji mikuu na fedha zake, na hapo somo linaishia. Apewe ajabu moja kwa kila nchi na atumwe kutafuta chanzo chake: kwa nini Burundi nayo inaendesha kulia na Uganda haifanyi hivyo, kwa nini shilingi ya Kenya na ya kwetu zina jina moja na thamani tofauti, kwa nini mtu wa Goma anazungumza Kiswahili na wa Kinshasa anazungumza Kilingala. Majibu yote yamo kwenye vitabu ambavyo tayari viko kabatini. Yanahitaji mwalimu atakayeyaunganisha na barabara inayopita mbele ya shule, maana baadhi ya watoto hao, ndani ya miaka michache, watakuwa kwenye basi la Rusumo na mzigo wao juu ya keria.